Utando wa Muonjaji Siki

Jumamosi asubuhi Muonjaji alianika nguo nyuma ya nyumba kwa mpangilio wake wa siku zote: mashuka mwanzo wa kamba, sare ya kazini katikati, kisha foronya, na mwisho kabisa, penye kivuli, utando wa koo lake. Huo aliubana kwa vibanio vya plastiki, maana vya mbao huacha alama. Ulikuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, umejiviringa kama mkono wa kigauni. Ulimtoka kila wiki alipopiga mswaki. Aliuvuta taratibu, akausuuza kwa maji ya vuguvugu, akaendelea na meno.

"Wifi, leo utando umetoka na matundu," alisema wifi yake, aliyekuwa akichambua maharage kibarazani.

"Si matundu. Ni pale siki inapopitia."

"Lingekuwa shuka ningekwambia ulichane vitambaa vya kudekia."

"Na koo lako wewe, kwa maneno yanayopita hapo, lingekuwa wavu."

Mama mkwe akaita kutoka chumbani, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina bawabu, kila mgeni anamkanyaga na hakuna anayemsalimia."

"Koo!" wakajibu wote wawili.

"Mmenizoea mno nyie," akasema bibi, akageukia ukutani kuendelea na usingizi wake.

Muonjaji alifanya kazi kwenye kiwanda cha siki. Kila pipa lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyeonja kwanza. Waonjaji wa viwanda vingine huonja wakatema, lakini zamani mnunuzi mmoja mkubwa alimkuta mtu akitema, akapanda gari lake akaenda zake. Tangu siku hiyo Meneja alibandika kibao ukutani: HAPA HATUTEMI. Basi Muonjaji alimeza. Alimeza siki changa, siki iliyokomaa, na siki ambayo ilikuwa bado haijaamua.

Jumatatu aliukunja ule utando, akautia kwenye mfuko safi, akapita nao zahanati. Tabibu aliutandaza mezani, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kazi nzuri umefanya huu," alisema. "Una tabaka juu ya tabaka. La juu likichakaa linachubuka, la chini linapanda kushika zamu. Vijidudu vikijishikiza pale juu, vinaondoka nalo. Mate nayo yanapita kusafisha ukali. Ndiyo maana hujaumwa miaka yote."

"Na hapa penye wekundu?"

"Hapo pamechoka. Zamu zinaingia kabla hazijawa tayari. Ukiendelea kumeza, mama, utafika wakati utando utajishona ovyo ovyo, na ugonjwa hauhitaji mlango mpana. Kaombe ruhusa ya kutema. Kutema tu, basi, upone."

Akaenda moja kwa moja kwa Meneja. Kabla hajafungua mdomo, Meneja aliona kilichokuwa mfukoni.

"Hii umefuma mwenyewe?"

"Imenitoka, bosi."

"Imekutoka saa za kazi au saa zako?"

Muonjaji akafikiri. "Saa zangu. Mswaki napiga nyumbani."

"Lakini siki iliyoitoa ni ya kampuni," alisema Meneja kwa upole. Akauvisha utando kwenye mdomo wa jagi, akamimina siki kutoka pipa lililokuwa limekataliwa kwa sababu ya ukungu. Siki ikatoka chini inang'aa kama machozi. Ukungu, machicha na ile harufu ya soksi vikabaki juu ya utando.

"Bosi, mimi nimekuja kuomba ruhusa ya kutema."

"Ukitema, huu utatoka?"

"Tabibu anasema utapumzika. Utabaki ndani."

"Basi umeshajijibu mwenyewe, dada yangu."

Walimpa kiti chenye mto na kofia mpya. Kila wiki alileta utando, na kila wiki mapipa mabovu yakawa mazuri. Ila tando zilianza kutoka fupi fupi, zimekakamaa pembeni kama karatasi iliyolowa ikakauka. Wifi yake aliacha utani. Alizianua mwenyewe na kuzikunja bila kuambiwa.

"Acha kazi, wifi," alisema siku moja.

"Nikiacha, kesho ataketi mwingine kwenye kile kiti. Na sisi humu ndani tutameza nini?"

Wakaguzi wa vyakula walipokuja, kiwanda kilikuwa kimepigwa deki mpaka ngazini. Mkaguzi mkuu, mwanamke wa miwani mizito, aliuliza kama siki ile haidhuru koo la mlaji.

"Mlaji wetu asiwe na shaka," alisema Meneja. "Inapita kwenye utando mzima wa koo la muonjaji wetu kabla haijamfikia."

"Na muonjaji je?"

"Huyo ndiye shahidi wetu. Mama, hebu waonyeshe."

Muonjaji akanyanyua glasi, akameza. Siki ilishuka bila kugusa kitu laini popote, kama mtu anayetembea kwenye nyumba iliyohamwa. Alingoja maumivu yafike mwisho wa safari yao, kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Nzuri."

Mkaguzi akaandika neno hilo. Halafu akamvuta Muonjaji pembeni, akamnong'oneza kuwa maji ya bomba nyumbani kwake yana tope; je, Muonjaji asingeweza kumpatia utando mmoja tu, wa familia?

Muonjaji akamuuliza kama mfupi utamfaa, kwa sababu siku hizi ndefu hazitoki.