Umechelewa Kuzika

Sikwenda kujitolea kwenye bustani ya wanyama kwa kuwapenda wanyama. Nilimfuata mtu. Tulimwita Mafunguo, msimamizi wa mazizi, aliyemfukuzisha baba kazi baada ya swala watatu kufa. Alidai baba aliwapa majani yenye dawa ya magugu. Baba, miaka kumi na tisa akiwalisha, alirudi nyumbani akaacha hata kusalimiana na majirani.

Mafunguo hakunijua. Nilizoa mavi, nikasugua vihori vya kulishia, nikamwitikia "ndiyo bosi" huku nimeuma ulimi. Nilimvizia akosee.

Mwezi wa pili daktari wa wanyama, mama mkali asiyependa maneno mengi, alikosa msaidizi.

"Wewe, shika kichwa."

Nikamshika kima aliyevimba ufizi. Nilidhani nitamwachia nikimbie, badala yake nikauliza maswali mpaka daktari akasema, "Binti, utanimaliza. Chukua kitabu, usome." Nikaanza kuwahi kazini kwa ajili ya maswali hayo, na jambo hilo liliniudhi. Sikutaka kufurahia chochote mahali pale.

Kisha akafa swala wa nne. Daktari alimpasua, mimi nikishika tochi. Ini lilikuwa la manjano, gumu.

"Dawa ya magugu?" nikauliza.

"Wapi! Hii ni sumukuvu. Amekula chakula chenye ukungu."

"Na wale watatu wa mwaka jana?"

Akaweka kisu chini. "Sikuwaona. Msimamizi aliwazika kabla sijarudi kutoka safari."

Tukaenda stoo. Magunia ya pumba yalikuwa yameloa chini ya paa linalovuja, yameota ukungu wa kijani. Mwenye dhamana ya stoo ni Mafunguo peke yake.

Mkurugenzi wa bustani, aliyeitwa na daktari, alipofika, Mafunguo akawahi kusema, "Hawa wa kujitolea ni wazembe..."

"Mimi ni mtoto wa yule uliyemfukuzisha," nikamkata. "Safari hii umechelewa kuzika."

Akageuka kumtazama mkurugenzi. Sisemi uongo, nilisikia raha mpaka kwenye mifupa. Siku aliyofukuzwa nilimsindikiza hadi getini, ili anione vizuri.

Baba aliitwa arudi, akakataa. "Wamejua ukweli, mwanangu. Yatosha."

Kwangu haikutosha. Nilisikia Mafunguo anaomba kazi kwenye shamba la ng'ombe. Nikampelekea mwenye shamba ripoti ya daktari.

"Sasa mwache," daktari aliniambia, akisaini fomu yangu ya chuo cha tiba ya wanyama.

Nilimshukuru kwa moyo wote. Kisha nikamwomba nakala nyingine ya ripoti.