Paa la Gari la Mama

Kaka mtu aliingia karakana bila kupiga hodi, akabwaga bunda juu ya meza ya kukatia. "Paa la gari la mama hilo. Jipya, linang'aa. Lifunge, Jumamosi tukamchukue hospitali."

Fundi, mdogo wake wa kike, aliligusa kwa kidole tu, damu ikamchemka. Plastiki. Tena na dirisha la nyuma la plastiki, lile lisilomaliza mwaka kabla ya kugeuka manjano. Miaka ishirini anashona viti na mapaa ya kukunja, leo muuza magodoro ndiye wa kumchagulia?

"Jua likilipiga hili linakakamaa," alisema. "Ukilikunja mara kumi linapasuka kwenye mkunjo, mvua inamwingia mama, na kifua chake unakijua. Gari lile linataka kitambaa kizito, tabaka tatu, mpira katikati, na dirisha la kioo."

"Mama kalazwa, wewe unanipa darasa la vitambaa. Mdogo wangu, ukianza kushona utamaliza lini?"

Mwezi mzima kitandani mama alikuwa na ombi moja: arudi nyumbani kwa gari lake, na paa alichague binti yake. Binti yake, si huyu mzaliwa wa kwanza aliyejifanya baba wa kila mtu tangu baba afariki.

Kaka alipoondoka, fundi aliteremsha kitambaa chake kizuri, amefura. Alibandua paa kuukuu kwa pupa, akalitandaza juu yake, akachora kingo kwa chaki, akakata huku akitafuna matusi. Wanafunzi wake wote aliwafundisha kupima vyuma vya gari lenyewe, wasifuate paa la zamani, maana likikaa juani miaka huwa limeshanywea. Aliwahi hata kumfukuza mmoja kwa kosa hilo. Siku hiyo hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka.

Jumamosi asubuhi alilivuta paa jipya kuelekea kioo cha mbele, likagoma. Akavuta kwa mikono miwili, goti kaliegemeza mlangoni. Lilipungua vidole vinne. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na mawingu yametanda.

Kaka alifika, akatazama pengo, kisha akamtazama yeye. Hakucheka. Alifungua bunda la plastiki, akashika upande mmoja.

"Shika huko."

Afadhali angecheka. Walilifunga, fundi akigonga pini kama zilizomkosea.

Njiani mvua ilinyesha, wala halikuingia tone. Mama, aliyeketi mbele, alipapasa dari juu ya kichwa chake.

"Hili ndilo ulilochagua, mwanangu?"

Kaka alikaza macho barabarani, kimya. Fundi alimchukia kwa ukimya ule kuliko alivyowahi kumchukia kwa neno lolote.

"Ndilo, mama."

Mama akatabasamu. "Nilijua. Kaka yako angeniletea takataka."