Duara Lazima Lifunge

Jamani, siku hiyo Khalayi alikuwa hashikiki! Kampuni moja ya wahandisi kule Industrial Area ilikuwa inauza plota kuukuu, mashine ya kuchorea ramani kubwa kwa kalamu za wino, naye alikuwa wa kwanza langoni, mumewe Mulama akimfuata na mkoba begani.

Tusifichane: mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Miaka kumi na sita amechora ramani za nyumba mezani pake mtaani Lucky Summer, na sasa mistari ilikuwa inacheza. Juzi mhandisi alimrudishia ramani ya kanisa, akamwambia akikosea tena kazi atapewa mwingine. Bila mashine hii, uchoraji ungemtoka hivi hivi akiuona, na aliupenda kuliko chakula.

Msimamizi wa stoo, Nahashon, aliwasha plota na kompyuta yake. "Niaje, mathe? Nikuchoreshee picha ya maua? Utapenda!"

"Maua yako kaa nayo. Nataka duara moja tu, na jina langu chini." Akampa disketi yenye mchoro huo kwa mkono wa kushoto, wa kulia alikuwa ameuficha mfukoni mwa sweta. Nahashon aliutazama ule wa kushoto kama aliyekosewa adabu, akaipokea disketi.

Wachoraji wa zamani wanajua. Maua hata mashine mbovu itakuchorea ukadanganyika, lakini duara halidanganyi. Kalamu ikizunguka ikarudi palepale ilipoanzia, nunua. Isiporudi, nenda zako.

Mulama akatoa mkobani karatasi ya kuchorea, ile inayoonyesha upande wa pili. Plota ikaivuta mbele, nyuma, kalamu ikakimbia trrr! Moyo wa Khalayi nao mbio. Lo! Mwisho wa duara ukapita kando ya mwanzo, upana wa kidole kizima.

"Twende, Baba Nasambu," akamwambia mumewe, machozi yakimlenga. "Hii imekufa."

Alipoichukua karatasi, ikamteleza. Akainusa. Akamgeukia mumewe polepole.

"Ndani ya mkoba kuna nini?"

Mulama akakuna kichwa. "Nilipitia soko la Burma. Nyama ya mbuzi kidogo tu, ya kusherehekea."

"Ala! Mtoto hajazaliwa, wewe umeshanunua mbeleko! Karatasi zote umezipaka mafuta, magurudumu ya mashine yatashika nini?"

Nahashon alicheka mpaka akaegemea ukuta. Safi ilibaki moja tu, ile ramani ya kanisa iliyorudishwa, ambayo Khalayi aliibeba kwapani ili ajue kama itaenea kwenye mashine. Akamwamuru Mulama anawe mikono kwa sabuni, ayapanguse magurudumu, kisha aiingize ramani upande mtupu ukiwa juu.

Trrr! Kalamu ikazunguka, ikarudi, ikaingia palepale ilipotokea. Duara likafunga! Halafu ikashuka chini ikaandika: IMECHORWA NA KHALAYI. Herufi zilisimama wima, na kwa nyuma ile mistari yake iliyocheza ilikuwa bado inaonekana.

Khalayi akapiga vigelegele, stoo nzima ikageuka. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, ukitetemeka mbele ya watu wote, akampa Nahashon.

"Ni yangu," akasema. "Nifungie."