Siku Niliyomfukuza Mtani wa Baba

Niliota ndoto mchana kweupe, msomaji wangu, siku tuliyomzika baba, na naisimulia kwa sababu mpaka leo naionea haya. Baba yangu, Mzee Nkinga, alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Uzaramoni ujanani kufanya kazi ya reli, akaoa, akajenga, asirudi kwao tena. Jirani yake alikuwa Mzee Mwinyikondo, Mzaramo, na kama mjuavyo, makabila hayo mawili ni watani: hutukanana, hunyang'anyana vitu, na anayenuna ndiye mwenye kosa. Kwa miaka hamsini wazee hao hawakuwahi kupeana salamu ya heshima hata mara moja. Adhuhuri ile, tulipofikisha jeneza makaburini, Mzee Mwinyikondo alirukia ndani ya kaburi, akalala chali, akapiga kelele: "Hapa hazikwi mtu! Huyu Mnyamwezi kabeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo anataka kubebwa bure? Lipeni kwanza!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mpima ardhi, nimesoma, naishi mjini, nilikuwa sijalala siku mbili, na niliona baba yangu anafanywa kichekesho. Nikamvuta mzee yule mkono mbele za watu, nikamwambia, "Una wazimu? Toka, nenda kwako!" Mzee akapanda juu taratibu, akakung'uta mchanga, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Tuliporudi nyumbani shangazi yangu Kalunde hakunipa hata pole. "Umemfukuza mtani kaburini, Mihayo," alisema. "Sasa tanga ataliondoa nani? Nyumba hii na ile ndiyo basi tena, hatuzikani." Nikamwambia nitakwenda kumwomba radhi. "Mtani haombwi radhi," akajibu, akaingia jikoni na kuniacha nimesimama kama mgeni. Nikaenda chumbani kwa baba, nikajilaza kwenye mkeka wake uliokuwa bado na harufu ya tumbaku yake, nikafumba macho kwa hasira. Usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nikajiona nimesimama kwenye njia nyembamba ya udongo mwekundu, upana wa mtu mmoja, iliyokatiza nchi kubwa nisiyoona mwisho wake. Mbele yangu alisimama mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kata kichwani lakini bila mzigo. "Mimi naitwa Haja," alisema. "Wengi hunikimbia, lakini watu wa nchi hii wote niliwalea mimi. Twende, nikuonyeshe mlikotoka." Tukatembea, naye akinieleza kwa sauti ya pole, kama bibi anayechambua mchele. Alinionyesha Mvua, bibi mwenye upendeleo, aliyewamwagia hawa mtama hadi ghala zikajaa na kuwapa wale vumbi tupu. Alinionyesha mlima uliokuwa na chuma bila chumvi, na bonde lenye chumvi bila jembe la kulimia. "Hakuna aliyepewa vyote," alisema Haja, "ndiyo maana hakuna aliyeweza kukaa kwake tu." Kisha tukafika mlangoni mwa pori, na hapo aliketi mfalme mdogo sana, mwenye mabawa, jina lake Mbung'o. Punda aliyefika pale alianguka, na ng'ombe aliyejaribu kupita akafa akiwa bado anatafuna majani. "Basi mizigo ya nchi yote," akasema Haja, "ilibidi ipande juu ya mabega ya watu."

Ndipo nikasikia njuga. Msafara ulikuwa unakuja, wanaume kwa mamia, mmoja nyuma ya mwingine, na majembe, na mifuko ya chumvi, na pembe, na majora ya nguo, wakiimba kwa kupokezana, na sauti zao zilikuwa sauti ya baba akiimba peke yake asubuhi anaponyoa ndevu. Nilishikwa na hamu kubwa, msomaji, hamu ya zama ambazo sikuwahi kuziishi. Nikawafuata mpaka kwenye kisima kimoja, na hapo nikamwona mchukuzi mmoja mwenye kiu amesimama uso kwa uso na mwenye kisima, kila mmoja na silaha mkononi. Katikati yao alikuwa Hofu, jitu lisilo na macho, amewakaba wote wawili shingo. Nikadhani nitaona damu. Lakini akatokea kizee mmoja kibogoyo, mwenye tumbo kubwa na kofia upande, akamtazama mchukuzi, akasema, "Lo! Shingo hii au mchi wa kutwangia?" Akamgeukia mwenye kisima: "Na wewe unalinda nini? Vyura wako ni wengi kuliko maji." Mwenye kisima akaguna. Mchukuzi akacheka kwanza, mwenzake akafuata, na mikono ya Hofu ikalegea. Wakanywa pamoja.

"Huyo ni Utani," Haja aliniambia, "kitindamimba wangu. Nilimzaa njiani." Nikauliza kama ndiye pia anayeruhusu watu kucheza na maiti, maana hasira yangu niliingia nayo hata ndotoni. Haja alinionyesha tu mchukuzi yule yule, safari nyingine, amekufa kwa homa pembeni ya kisima, mbali na mama yake kwa mwendo wa miezi miwili. Wenzake walikuwa wamekaa chini, hakuna anayeweza kuinuka. Aliyemwosha ni mwenye kisima. Aliyemchimbia ni mwenye kisima. Na aliposhuka kaburini kumpokea, alimgombeza kwa sauti kubwa: "Mvivu mkubwa wewe, umechagua kwangu ili usifike na mzigo!" Wale waliokaa wakacheka machozi yakiwatoka, kisha wakaweza kusimama, wakajitwisha, wakaendelea. Mwenye kisima akabaki peke yake kulifukia kaburi, na hapo ndipo nilipomwona akijifuta uso kwa kiganja.

Sitawadanganya kwamba njia ile ilikuwa ya heri siku zote. Uroho naye aliipita, mnene, anapumua kwa shida, na nyuma yake watu wamefungwa shingo kwa minyororo, wake kwa waume, na wengine waliuzwa na majirani zao wenyewe. Utani alivua kofia, hakusema neno mpaka walipopita. Baada ya Uroho alikuja Kiburi. Huyu alibeba darubini ya kupimia, kamba na vigingi, akaanza kukata nchi vipande: hapa wenu, pale wao, huyu apite, yule arudi. Utani, kama kawaida yake, akaiparamia kamba, akaanguka kusudi, akaanza kudai fidia ya goti. Kiburi akamgeukia. "Una wazimu?" alisema. "Toka, nenda kwako!" Nikaitambua sauti. Nikalitambua na shati: lilikuwa langu, lile nililovaa makaburini.

Utani akakung'uta mchanga, akaenda. Mara milango ikaanza kufungwa nchi nzima. Watu walipishana njiani wakisalimiana vizuri sana, kwa adabu, kama watu wa ofisi mbili tofauti, na Hofu akawa anatembea katikati yao bila wasiwasi. Nikamkimbilia Utani nikipiga kelele, "Nisamehe, mzee! Nisamehe!" Lakini kila nilipoomba msamaha alizidi kuwa mbali. "Unamwita kwa jina la mtu mwingine," Haja alisema nyuma yangu. "Huyo huombwa radhi na wageni tu. Wewe ni mgeni wake?" Nikaamka jasho likinitoka.

Jua lilikuwa bado juu. Sikunawa hata uso. Nilimkuta Mzee Mwinyikondo barazani kwake anamenya mihogo, naye aliponiona akainuka, akaniletea kiti, akasema, "Karibu, bwana. Pole sana na msiba." Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama adabu ile. Nilijua nikikosea neno sasa, baba nitakuwa nimemzika pamoja na nusu ya maisha yake.

"Sikuja kupokea pole," nilisema. "Nimekuja kuuliza, Mzaramo gani huyu anayekimbia kaburi kabla hajalipwa? Au ulisikia harufu ya ubwabwa nyumba nyingine?"

Kisu kikasimama.

"Mnyamwezi," akasema, "miguu yote hiyo kama nguzo za simu, halafu kutoka kwenu mpaka hapa unatumia saa nne?" Kisha akavua kofia. "Kaniacha na nani, yule mshenzi?" alisema. "Nimtukane nani mimi?" Akalia kwa sauti, kofia mkononi. Tangu simu ya msiba ilipopigwa Jumanne mimi sikuwa nimetoa hata chozi moja, lakini hapo nilikaa chini juu ya maganda na kulia kama mtoto, mpaka mzee akanisukuma bega.

"Hamia huko," alisema huku akipenga kamasi. "Mihogo yangu haitaki chumvi ya Kinyamwezi."