Macho ya Mlango

Kigoda cha plastiki kilikuwa bado pale pale kilipovunjikia, kwenye mstari wa mlango wa gereji, miguu miwili imeangukia ndani na miwili nje. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukiondoa. Nesi alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakulala. Kila alipofumba macho alisikia ule mlio wa plastiki ikipasuka.

Jana jioni, kabla ya kwenda kazini, alikuwa jikoni akifunga mkoba. Alibonyeza swichi ya mlango wa gereji iliyo ukutani karibu na jokofu, kama siku zote, bila kutazama. Mama yake, aliyekuwa ameketi kizingitini, alikuwa amenyanyuka sekunde hiyo hiyo kwenda kuanua nguo. Mlango ulishuka juu ya kigoda kitupu.

Mama hakupiga kelele. Alikitazama kigoda, akaingia chumbani, akatoka na begi. "Mwite kaka yako," alisema. "Kesho jioni anichukue."

Sasa begi lilikuwa limesimama kando ya mlango wa chumba, zipu imefungwa mpaka mwisho.

Fundi alifika alasiri, ngazi begani. Mtaa mzima walimwita Taratibu, na mwenyewe hakuona kuwa ni tusi.

"Ngazi hii na mimi tumezeeka pamoja," alisema akiiegemeza ukutani. "Tofauti ni kwamba yenyewe haiumwi magoti. Haya dada, pole. Nani alikuwa kwenye swichi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unauona mlango?"

"Nilikuwa jikoni."

Fundi aliitikia kwa kichwa, basi. Alipanda ngazi, akachomoa plagi ya mota iliyoning'inia kwenye dari, akaijaribu kuhakikisha imekufa kweli. Kisha akashuka na kuchuchumaa chini ya reli, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Vishikizo vilikuwepo. Vilivyotakiwa kushikwa havikuwepo.

"Dada, mlango huu hauna macho."

"Macho gani?"

"Vidubwasha viwili, kama hivi," akaonyesha kidole gumba. "Hukaa chini, usawa wa kifundo cha mguu, kimoja kila upande. Kimoja kinatuma mwanga, cha pili kinaupokea. Mtu akikatiza, mlango unaoshuka unarudi juu."

Akafuata waya kwa kurunzi. Zilikuwa zimebanduliwa ukutani na kuvutwa zote upande mmoja, mpaka kwenye rafu ya makopo ya rangi. Nyuma ya makopo ndiko macho yalikokuwa, yamefungwa pamoja ndani ya kitambaa, uso kwa uso.

"Yanatazamana yenyewe kwa yenyewe," fundi alisema polepole. "Kwa hiyo mlango unadhani njia ni nyeupe muda wote."

Nesi alikuwa ameshatoa simu. Mumewe alipokea, honi za magari zikilia nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyefunga macho ya mlango?"

"Macho gani tena, mke wangu? Niko barabarani."

"Usinifanye mjinga. Nani alikuwa analalamika kila siku kwamba mlango unamgomea?"

"Kulalamika nililalamika. Lakini mimi hata balbu ya chooni mwezi mzima imenishinda. Hiyo nguvu ya kuchezea waya ningeitoa wapi?"

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkera zaidi. Alikuwa bado anatafuta jibu fundi alipomnyooshea kitambaa.

"Hiki hakijafungwa, dada. Kimeshonwa."

Nesi alikichukua. Mishono midogo, iliyosimama sawasawa, na uzi umerudishwa mara mbili mwishoni ili usifumuke. Sare zake za shule zilikuwa na mishono hiyo hiyo tangu darasa la kwanza.

"Nitakupigia," alimwambia mumewe.

"Usimgombeze mtoto wa watu." Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono ukutani. "Ni mimi."

Fundi alianza kufuta macho yale kwa shati lake, ingawa hayakuwa machafu.

"Mkwe wangu akitoka na gari, anafunga kwa rimoti akiwa nje," mama aliendelea. "Mimi nimesogeza kigoda, najiona nimempisha, kumbe miguu bado inakatiza. Mlango unarudi juu. Inabidi ashuke garini, aje. Na hasemi neno! Anatabasamu tu. Ni bora angenifokea."

"Lakini mama, ulijuaje?"

"Nilimwona mkwe wangu akiinama kuyafuta macho hayo. Nikaelewa kwamba yanataka kuonana. Basi nikayakutanisha."

Fundi aligeuka kuukabili ukuta, mabega yakimtikisika.

"Si ungekaa sebuleni tu," nesi alisema.

"Nitazame nini? Pazia? Mchana wewe umelala, mwenzio katoka, nyumba imekufa. Pale kizingitini angalau nawatazama wapita njia."

Nesi aliketi kwenye ndoo ya rangi. Alitaka kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu.

Fundi alirudisha macho chini, akayalenga yatazamane, akakaza vishikizo. Alirudisha waya ukutani, akipigilia pini kando yake na siyo juu yake, maana pini ikitoboa waya, alisema, utaanza kumtafuta mchawi. Waya zenye mstari mweusi alizikutanisha zenyewe kwa zenyewe, nyeupe na nyeupe, akazipeleka kwenye mota. Halafu akasimama mbele ya nesi.

"Na swichi ya jikoni?"

"Niliomba mwenyewe iwekwe kule. Nisiwe nanyanyuka."

"Naelewa. Lakini kule unafunga mlango usiouona."

Nesi alitazama umbali kati ya jikoni na gereji. Hatua chache tu, na siku nyingine hizo chache zilikuwa nyingi.

"Ihamishe."

Aliihamishia kwenye ukuta wa gereji, juu, mahali ambapo huwezi kubonyeza bila kuuona mlango mzima. Akamwonyesha mama kamba nyekundu ya kuachia mlango umeme ukikatika: ivutwe mlango ukiwa umefungwa, usije ukashuka kwa uzito wake. Ndipo akarudisha plagi.

Nesi aliondoa kigoda kilichovunjika, akaleta kingine, akakiweka kizingitini, pale mama hukaa. Akabonyeza. Mlango ulishuka kidogo, ukasita, ukarudi juu, taa ya mota ikikonyeza.

"Mlango umenikasirikia," mama alisema.

"Hapana bibi," fundi alisema. "Umekuona."

Akaondoa kigoda, akapanda kupunguza nguvu ya mota iliyokuwa imezidi, akalaza ubao sakafuni, chini ya mstari wa macho. Mlango uliugusa ubao, ukarudi. "Hata macho yakipofuka, ukigusa kitu lazima urudi. Mjaribu hivi kila mwezi. Siku ukikataa, msiutumie, niiteni."

Kaka alifika fundi akifunga ngazi. Alisimama katikati ya kizingiti, funguo za gari mkononi.

"Mama, begi liko wapi? Nimeegesha vibaya."

Mama alikuwa chini ya swichi mpya. Aliinua mkono, akabonyeza. Mlango ulianza kushuka, lakini viatu vya mwanawe vilikuwa vimekatiza macho, ukarudi juu.

"Ingia ndani, baba, unakatiza," alimwambia.

Kaka akaingia, haelewi. Mama alitazama chini, kulia, kushoto, akabonyeza tena, na hakuondoa jicho mpaka mlango ulipogusa sakafu.

"Na begi?"

"Lirudishe chumbani," mama alimwambia nesi. "Halafu ulale. Kesho nitaufungua mwenyewe."