Bibi Amekataa Kushuka

Raihana alizima kiyoyozi kabla abiria wake hawajafunga milango. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka Kigali na gari lile la umeme, kupeleka watu makazini, sokoni na hospitali, na sasa betri ilikuwa imebaki robo. Kwa mtu wa kwenda ofisini na kurudi, betri ikijaa ingemtosha hata siku mbili. Lakini teksi haina kukaa, na vilima vya Kigali vinakula betri kama nzige.

Mtaani Batsinda walipanda watatu: Mzee Karangwa, dada yake Winifred, na mama yao, Bibi Nyirahabimana, aliyevaa vazi la sherehe, mushanana ya zambarau, na kushika mfuko wa kaki. Mjukuu wake alikuwa anatolewa mahari Rebero, upande wa pili wa mji, na ng'ombe wasingepokewa bila yeye.

"Huo mfuko wa nini, Bibi?"

"Wa kutapikia, mwanangu. Mimi na petroli hatupatani."

"Hili halina petroli."

Bibi hakuamini. Alikaa ameushikilia mfuko, anangoja kichefuchefu, nacho hakikuja. Walipokaribia Kimihurura alikuwa ameukunja na kuukalia, anauliza kila jengo ni la nani.

Raihana alikusudia kuchaji hapo kidogo. Kumbe kituo cha kuchajia kimezungushiwa kamba, magari mawili meusi yamechomekwa, na mlinzi amesimama mbele yake.

"Leo hapana, dada. Iko ya wageni wa mkutano."

"Na hayo mawili meusi si yamekwisha kujaa?"

"Yamejaa, ndiyo. Madereva wamekwenda kula."

"Basi chomoa moja, nipate nusu saa tu."

"Mimi nichomoe? Yewe! Amri imetoka juu."

Karangwa akapiga goti lake kofi. "Si nilisema? Gari la betri ni la kwenda kazini na kurudi. La teksi siyo! Mama, shuka tutafute la petroli."

"Sishuki," alisema Bibi.

"Mama, watu wanatusubiri!"

"Miaka yote nafika harusini nanuka matapishi. Leo nanukia. Karangwa, mimi sishuki."

Raihana alicheka, kisha akaitupia jicho namba ya betri. Mkataba wa kampuni iliyomkodisha gari ulikuwa wazi: gari likizimika barabarani, dereva anakabidhi ufunguo, na waliokuwa wakingojea ufunguo huo walikuwa wengi. Kwenye kioo cha dashibodi ilisomeka asilimia tisa.

"Fungeni mikanda," alisema. "Twende na Mungu."

Alishusha vioo, akauacha mteremko wa kuelekea Rwandex ulivute gari wenyewe. Namba ikasita, halafu ikapanda, maana kwenye mteremko magurudumu huirudishia betri umeme.

"Kumi!" Winifred akapiga kelele. "Imeongezeka!"

Bibi akatoa kigelegele kilichowageuza shingo waendesha pikipiki wote waliokuwa pembeni.

Furaha ya mteremko huliwa na mlima. Walipoanza kupanda kutoka Gikondo, namba zilidondoka moja baada ya nyingine. Ilipofika tatu, kioo kikawa chekundu na gari likalegea.

"Kaka," alisema Winifred, "mzigo ni sisi."

Wakashuka wawili. Karangwa, suti na tai, akapanda kilima kwa miguu huku jasho likimtoka. Winifred alikunja mushanana yake mkononi akaanzisha wimbo wa harusi. Wapita njia wakaitikia. Raihana aliendesha kwa mwendo wao, na ndani Bibi alipunga mkono huku na huku kana kwamba mahari ni yake.

Waliingia Rebero vigelegele vikiwapokea. Karangwa aliegemea boneti, anahema.

"Limefika," alikiri.

"Limefika, mzee. Gari halina kosa. Pa kuchajia ni pachache, na hapo penyewe panafungwa kamba."

Baba wa bibi harusi akavuta waya wa umeme kupitia dirisha la jikoni hadi kwenye gari. Mpiga muziki akaambiwa azime spika moja ili umeme usikatike, akazima huku akinung'unika.

Simu ikalia. Ni Arnaud, msimamizi wa kampuni, anayeyaona magari yote kwenye ramani ya simu yake.

"Raihana, gari iko inachajiwa kwa watu? Mkataba unakataza."

"Kituo kilikuwa cha wageni, bosi. Ningechaji wapi?"

"Hiyo si shida yangu. Kesho gari inabaki yadi. Na sasa hivi chomoa."

Raihana aliutazama ule waya. Kesho ilikuwa imekwenda, na kuomba hakungeirudisha.

"Kesho nitalala, bosi. Leo gari linakula, na mimi nakwenda kula."

Alikata simu, akaitupa kwenye kiti cha nyuma na kufunga mlango. Ndani ya hema la sherehe, Bibi alikuwa ameshasimama kucheza, mikono juu kama pembe za ng'ombe, anamwita kwa jina. Raihana akavua viatu, akaingia katikati ya watu, akacheza.