Wekundu wa Okiwa

Huko Mogami, Japani, maua ya beni, yale yanayotoa rangi nyekundu, huchumwa alfajiri, umande ukiwa haujakauka, kwa sababu jua likipanda miiba ya maua huwa mikali. Okiwa aliyachuma tangu utotoni. Asubuhi moja aliponawa, vidole vilibaki vyekundu, kisha mikono. Kufikia saa ya uji wekundu ulikuwa umempanda hadi masikioni.

"Umependeza," alisema Otami, mama mkwe wake, akimpakulia. "Ila watakuona."

Walimwona. Mkuu wa kijiji, mzee Jinzaemon, alifika vyombo havijaoshwa.

"Wewe mwanamke, hujui sheria? Mkulima havai nyekundu!"

"Sijaivaa, mzee. Ni ngozi."

"Basi ivue."

"Nionyeshe fundo lilipo, nilifungue."

Otami alicheka hadi akapaliwa, na hilo halikusaidia.

Maofisa wa ngome ya bwana wa nchi ile walikuja na miavuli yao, wakamkagua Okiwa mbele na nyuma, wakakubaliana. Ua la beni ni la bwana. Basi na rangi yake ni ya bwana, popote ilipojificha. Wakaamuru pipa lijazwe maji ya majivu ya mabua, yale yale yanayokamua rangi kwenye maua, Okiwa akatiwa humo hadi kidevuni.

Otami alikaa kando, amemshika kichwa.

"Inauma?"

"Inawasha. Mama, kweli nilipendeza?"

"Kama bibi harusi wa mjini, mwanangu. Siku yako sisi tulikuvika kaniki."

Jioni Okiwa alitoka mweupe kama figili. Tangu hapo hata akiona haya, uso haukubadilika. Maofisa walimimina siki pipani, rangi ikatuama, ikapelekwa Kyoto. Mabibi wa huko waliipaka midomoni, wakasema haijapata kuonekana beni yenye uhai namna ile. Wakaomba nyingine.

Msimu uliofuata pipa la maji ya majivu liliwekwa ukingoni mwa shamba, na Jinzaemon alipita hapo kila asubuhi, amejifunga mshipi mwekundu aliotunukiwa na ngome, akiwaomba wanawake wanyooshe viganja. Alikuwa mpole siku hizo. Aliwauliza walivyolala, akawasihi wale vizuri.

"Jitahidini, mama zangu," alisema. "Okiwa aliweza."

Mke wa seremala, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kuiva, alitua kikapu. Alivua kandambili zake za majani, akazipanga vizuri, akapanda pipani bila kuambiwa.